Alumini si haishiki kutu? Vishikio vyangu vya pikipiki vimetoka unga mweupe, nikinge na nini hapa nyumbani?

#1 Mfua_Isanga

Wakuu, salaam.

Nipo Isanga, Mbeya. Natengeneza vishikio vya simu na vya taa za ziada za pikipiki, nawauzia vijana wa bodaboda wa Mafiat na Kabwe. Malighafi yangu ni vipande vya profaili (mabomba ya alumini ya fremu) vinavyobaki kwa mafundi madirisha. Nakata, nakunja kwenye jiliwa, natoboa, nasugua kwa msasa mpaka ving'ae, halafu nafunga kwa boliti na kipande cha mpira wa tyubu katikati ili visitetemeke.

Mvua zilizopita zimeniumbua. Vingi vimerudi na unga mweupe kama chokaa kuzunguka matundu ya boliti. Ukiukwangua chini yake kuna vishimo. Viwili boliti ziligoma kabisa nikazikata kwa msumeno. Lakini kuna vingine, vya bomba lile lile, vipo safi kama siku nilipovifunga. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Siku zote naambiwa alumini haishiki kutu. Sasa huu unga ni nini, na nifanye nini kuvikinga? Sina kiwanda. Nina uani, chaja ya betri, jiko la gesi na subira. Rangi? Nta? Nimesikia pia kuna kuanodaizi. Naombeni mwongozo, ni jina langu linaloharibika mtaani.

#2 Boda_Mafiat

Nina kishikio chako kimoja. Changu kizima mkuu, ila boliti nilibadilisha mwenyewe kwa sababu ulizoweka zilianza kutu wiki ya pili.

#3 Chakavu_Mwanjelwa

Hilo ni suala la mali. Alumini ya siku hizi ni ya kuyeyusha vyuma chakavu, wanachanganya kila kitu: blok za injini, makopo, waya. Alumini safi haifanyi hivyo. Tafuta mali ya zamani.

#4 Fundi_Madirisha

@Chakavu_Mwanjelwa hapo umechanganya vitu viwili. Sufuria za kusubu, sawa, zinatokana na chakavu cha kila aina. Profaili ya dirisha inasukumwa kiwandani kwenye kalibu kutoka aloi (mchanganyiko wa metali) maalumu, kwa kawaida 6063, yenye magnesi na silikoni kidogo sana. Hiyo ni kati ya aloi zinazovumilia hewa vizuri kuliko nyingi.

@Mfua_Isanga swali langu ni moja. Vipande ulivyochukua vilikuwa na rangi gani kabla ya msasa?

#5 Mfua_Isanga

Vingi vya fedha iliyofifia. Vichache vya kahawia, vile vinavyoitwa bronzi. Vyote nilivisugua, wateja wanapenda mng'ao.

#6 Fundi_Madirisha

Basi umelitoa koti mwenyewe. Ile fedha iliyofifia siyo alumini tupu, ni anodaizi ya kiwandani, yaani koti la oksidi lililokuzwa kwa umeme. Kuna ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ya nje ya nyumba ni 15 mpaka 25. Ya kahawia inaweza kuwa anodaizi au rangi ya poda iliyookwa. Unaponunua kipande changu unanunua na koti lake, halafu wewe unalivua na kukipeleka kwenye mvua za Mbeya.

Kama huamini, chukua mita ya umeme, weka kwenye omu, gusa sehemu usiyosugua kwa ncha zote mbili bila kukwaruza. Haitasoma kitu, kwa sababu koti la anodaizi halipitishi umeme. Gusa uliposugua, inasoma papo hapo.

#7 Mwalimu_Kihesa

Kamwene ndugu zangu, kutoka Iringa.

Nirekebishe msemo wenyewe kwanza. Alumini inashika kutu upesi kuliko chuma, ndiyo maana inadumu. Ukiikwangua, hewa inaifunika palepale kwa oksidi nyembamba, nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikroni), na oksidi hiyo inashika kama ngozi. Kutu ya chuma inabanduka na kuacha chuma kipya kiliwe. Ya alumini inabaki mahali pake na kuziba.

Ngozi hiyo ina adui zake. Inatulia kwenye maji yasiyo makali kwa upande wowote, pH (kipimo cha asidi na magadi) kati ya 4 na 8.5 hivi. Ukizidisha asidi au ukizidisha magadi inayeyuka. Na chumvi yenye kloridi inaitoboa kidogo kidogo, ndivyo vishimo vyako. Kuanodaizi ni kuikuza ngozi hiyo hiyo kwa umeme, kutoka nanomita mpaka mikroni, maelfu ya mara.

#8 Mama_Maharage_Uyole

Mwalimu umenifungulia jambo. Kila nikichemsha maharage na magadi sufuria inakuwa nyeusi ndani, na nikipika nyanya au nikichemsha ndimu inarudi nyeupe. Nilidhani sufuria ni mbovu. Na tunazisugua kwa majivu tangu utotoni!

#9 Mwalimu_Kihesa

@Mama_Maharage_Uyole ndiyo hiyo hiyo dada. Magadi na majivu viko upande mmoja, vinaila ngozi ya sufuria. Nyanya na ndimu ni asidi hafifu, zinaondoa ule weusi pamoja na ngozi kidogo. Weusi wenyewe haudhuru, ukiuacha unaikinga sufuria. Kinachoitafuna ni kuisugua mpaka ing'ae kila siku.

#10 Mama_Maharage_Uyole

Mwambie mama mkwe wangu hayo. Asante mwalimu.

#11 Mkulima_Mbozi

Mimi sikubaliani kwamba koti ndiyo habari yote. Nilikuwa na ngazi ya alumini ya kuvunia parachichi, haijawahi kuwa na koti, miaka mingi haina tatizo. Msimu mmoja tukaitumia kuwekea ndoo za dawa ya kopa (shaba) ya kahawa. Matone yakakaukia pale. Baada ya miezi vidato vimetoboka vishimo kama vya sindano. Mfua, wateja wako wanabeba nini?

#12 Boda_Mafiat

Tunabeba kila kitu mzee. Mbolea ndiyo usiseme, msimu wa viazi mifuko ya kwenda Isyonje inachanika njiani.

#13 Mwalimu_Kihesa

@Mkulima_Mbozi umegusa penyewe. Kopa ikiyeyuka kwenye maji inajipaka juu ya alumini kama madoa madogo ya shaba, kila doa linakuwa betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Mbolea nazo: NPK (ya nitrojeni, fosforasi na potasi) nyingi potasi yake ni ya kloridi. Ukichanganya na mvua unapata maji ya chumvi milimani.

#14 Redio_Vwawa

Betri ndogo ipo hata bila kopa. Ameshasema unga umezunguka MATUNDU YA BOLITI. Boliti ya chuma, kishikio cha alumini, maji katikati: metali mbili tofauti zikilowana pamoja, dhaifu inaliwa kwa ajili ya mwenzake. Kwenye minara ya antena tunaliona kila mwaka. Boliti iliyochovywa zinki ina nafuu mpaka zinki iishe. Ndiyo maana cha @Boda_Mafiat ni kizima, alibadilisha boliti.

#15 Boda_Mafiat

Niliweka za stenlesi kutoka kwenye mashine iliyokufa.

#16 Redio_Vwawa

Hapo sasa... stenlesi kimsingi iko mbali zaidi na alumini kuliko chuma cha kawaida. Kinachokuokoa ni kwamba boliti ni ndogo na kishikio ni kikubwa. Kingekuwa kinyume, kipande kidogo cha alumini kwenye bati kubwa la stenlesi, kingeisha upesi. Paka grisi kwenye nyuzi na weka washa ya nailoni.

#17 Fundi_Madirisha

Kwa hiyo nadharia yako inasema kizima kinapaswa kuwa kibovu zaidi. Narudi kwenye koti langu 😄

#18 Ndaga_Tukuyu

Ugonile wote. Huku Rungwe mvua hatuihesabu kwa miezi, tunahesabu siku ambazo haikunyesha. Kwa uzoefu wangu mvua safi haiili alumini. Mabati ya alumini ya banda la chai yako nje tangu zamani. Kinachoila ni maji yanayokaa. Mfua ameandika kwenye post ya kwanza kwamba anaweka mpira wa tyubu katikati, na hakuna aliyeusema. Mpira huo unabeba maji kama sponji, chini yake hewa haifiki, ngozi ya mwalimu haijijengi upya. Vua mpira uone. Unga utakuwa umeanzia chini yake.

#19 Mfua_Isanga

@Ndaga_Tukuyu nimetoka uani sasa hivi. Nimevua mitano. Mitatu unga umeanzia chini ya mpira, miwili umeanzia kwenye boliti. Nimepima pia kwa mita kama alivyosema Fundi. Vile vizima viwili nilivyonavyo, kimoja nilikuwa sijakisugua upande wa ndani, hakisomi. Kingine nimekisugua kote, kinasoma, na bado ni kizima! Huyo mteja ni dereva wa shule, haendi shamba.

Kwa hiyo kila mtu ana kipande cha ukweli. Tuhamie kwenye dawa.

#20 Mpiga_Rangi_Ipogolo

Dawa ni rangi, lakini siyo kama mnavyopaka. Vijana wananunua praima nyekundu ya mageti wanapaka juu ya alumini, miezi mitatu inabanduka kama ganda la kitunguu. Ile ni ya chuma.

Mimi nafanya hivi: naosha kwa sabuni ya vyombo, nafuta kwa tina, nasugua kwa msasa namba 320 na maji, naosha tena. Namwaga maji safi juu yake. Yakitandaa kama karatasi moja, pasafi. Yakijikunja kuwa matone, bado kuna mafuta, rudia. Nikishakausha napaka praima ya asidi, ile ya pakti mbili (ya kuchanganya na kigumushi) ya magari, saa hiyo hiyo, kabla ngozi mpya haijakaa. Nyembamba, ukiona bado chuma kwa mbali inatosha. Halafu rangi ya gari ya pakti mbili. Matundu YATOBOLEWE KABLA ya rangi, na kingo zivunjwe kwa tupa, kwa sababu rangi hukimbia ncha kali.

#21 Dereva_Tunduma

Mimi nilipaka vanishi isiyo na rangi kwenye rimu za gari ili mng'ao ubaki. Baada ya mwaka kukatokea nyuzinyuzi nyeupe chini ya vanishi, zinatambaa kama minyoo.

#22 Mpiga_Rangi_Ipogolo

Hiyo inaanzia kwenye mkwaruzo mmoja, maji yanaingia, yanatambaa kati ya vanishi na chuma. Vanishi tupu juu ya alumini iliyong'arishwa haina cha kushikilia. Ukitaka mng'ao, afadhali uache wazi na upake nta kila mwezi.

#23 Nta_Mufindi

Mmenitaja. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Pasha kishikio kidogo juani au kwa maji moto, paka nta iliyolainishwa kwa tapentaini, acha ipoe, futa. Inaziba matundu yote. Kwa kishikio cha simu inafaa sana. Kwa kitu kilicho karibu na injini haifai, itatiririka.

#24 Chakavu_Mwanjelwa

Nta ni ya kupaka kila mwezi, nani ana muda huo? Kuanodaizi ndiyo mpango. Wajapani ndio waliogundua, ndiyo maana pikipiki zao hazifi.

#25 Mwalimu_Kihesa

Siyo Wajapani mkuu. Ilianza Uingereza mwaka 1923, Bengough na Stuart, kwa asidi ya kromiki, ili kukinga sehemu za ndege zinazotua baharini. Njia ya asidi ya salfuriki ikafuata 1927, na ndiyo inayotumika zaidi mpaka leo. Naomba hapa hapa niseme: ya kromiki msiiguse nyumbani, wala dawa za manjano za kromati. Kromi ya aina hiyo inasababisha saratani.

#26 Redio_Vwawa

Ya salfuriki nimeifanya kwa mapanga ya kupozea transista. Naandika nilichofanya, siyo nilichosikia.

Asidi ni ile MPYA ya betri, ya uzito 1.28 (mara 1.28 ya maji), ambayo ni kama asilimia 37. Lita 1 ya asidi kwa lita 1 na nusu ya maji ya kuongezea betri. Maji kwanza, asidi ndani ya maji, taratibu, kamwe si kinyume. Beseni la plastiki. Upande wa hasi wa chaja bamba la risasi au la alumini, upande wa chanya ndiyo kazi yako, uning'inize kwa waya wa ALUMINI. Nilitumia waya wa shaba mara ya kwanza, ukaliwa na kuharibu beseni zima.

Ampea 1.3 hivi kwa kila desimita ya mraba, ukihesabu pande zote. Kishikio cha sentimita 10 kwa 4 pande mbili ni sentimita za mraba 80, basi ni ampea 1 tu. Volti 12 mpaka 18. Dakika 60 zinakupa kama mikroni 25, dakika 30 nusu yake. Beseni likae kati ya nyuzi 18 na 22. Likipanda zaidi koti linakuwa laini, unalifuta kwa kidole kama chaki.

#27 Baridi_ya_Makete

Nyuzi 18 na 22! Kumbe baridi yetu ni mali. Dar wanahitaji barafu, sisi Juni na Julai tunaacha beseni nje.

#28 Redio_Vwawa

@Baridi_ya_Makete kwa kweli inasaidia. Umeme unalipasha beseni lenyewe, hewa ya baridi inalitoa joto. Ila kwenu Makete usiku wa Julai itabidi ulipashe kwanza.

#29 Nesi_Njombe

Samahani, naingia kwa jambo moja na sitatoka mpaka mnisikie. Nimepokea kijana aliyemwagia maji kwenye asidi. Ilichemka ikamrukia usoni. Nyumbani walimpaka maziwa, kisha dawa ya meno, wakapoteza muda. Asidi ikikupata ni MAJI MENGI YANAYOTIRIRIKA, dakika 20, macho yakiwa wazi, nguo zitolewe, kisha hospitali. Miwani ya kuziba, glavu za mpira, na watoto wasiwe uani siku hiyo. Pia hilo beseni linatoa haidrojeni, msifanyie jikoni penye moto. Na asidi ya betri iliyokwishatumika ina risasi ndani, msiitumie na msiimwage shambani.

#30 Mfua_Isanga

Dada Nesi nimekusikia. Nitafanyia nyuma ya nyumba, wanangu watakuwa shule.

Swali @Redio_Vwawa, rangi zile nyekundu na bluu zinaingiaje? Na injini kava za pikipiki naweza kuzifanya?

#31 Redio_Vwawa

Koti likitoka kwenye beseni lina vitundu visivyoonekana kwa macho, linanywa rangi kama kitambaa. Unaosha, unachovya kwenye rangi ya nguo iliyopashwa moto kiasi, dakika 10, 15. Halafu UNAZIBA kwa kuchemsha kwenye maji safi, dakika 2 au 3 kwa kila mikroni. Bila kuziba, mafuta na jasho vinaingia na koti halikingi vizuri.

Kava za injini achana nazo. Zimesubiwa kwa aloi yenye silikoni nyingi, zinatoka kijivu cha majivu na madoa. Hapo ni rangi ya kuvumilia joto, nyembamba.

#32 Mfua_Isanga

Wiki tatu baadaye.

Nimefanya vishikio vinane. Nimeosha, nimepitisha test ya maji ya @Mpiga_Rangi_Ipogolo, dakika 45 kwenye beseni, nyuzi 20, rangi nyekundu. Vilitoka vizuri mno, mke wangu alidhani nimevinunua. Nikachemsha nusu saa.

Tatizo: ukitia doa la wino wa kalamu na kufuta kwa kitambaa chenye spiriti, wino haufutiki wote. Na nyekundu ilitoka kidogo kwenye maji. Nimekosea wapi?

#33 Redio_Vwawa

Hukuziba sawasawa. Koti lililozibwa haliachi doa la wino. Nusu saa kwa karibu mikroni 19 haitoshi, hesabu yake ni kama dakika 40 hadi 55. Maji yalikuwa ya bomba?

#34 Mfua_Isanga

Ya mvua, niliyoyakinga kwenye ndoo moja kwa moja. Na yalikuwa yanachemka kabisa, yanatokota.

#35 Mama_Maharage_Uyole

Kutokota hapa Mbeya siyo kutokota kwa Kyela wanangu. Mimi nimeishi kote. Maharage yale yale, moto ule ule, Kyela yanaiva mapema, Uyole nakesha nayo. Nilipouliza nikaambiwa maji ya huku juu yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Sasa kama koti lako nalo linapikwa...

#36 Mwalimu_Kihesa

Dada, nimesimama nakupigia makofi hapa Kihesa peke yangu.

Ni kweli kabisa. Kila ukipanda karibu mita 300, maji yanachemka nyuzi 1 chini zaidi. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700, maji yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi na hayapandi zaidi hata uweke kuni za kijiji kizima. Iringa tuko chini yenu kidogo tu. Viwanda vinaziba kwenye nyuzi 96 kwenda juu. Mfua hakukosa moto, kimo ndicho kilichomponza.

#37 Redio_Vwawa

Naheshimu maharage, lakini sikubali. Oksidi inaanza kunywa maji na kuvimba tangu nyuzi 80. Kwenye 94 inaziba, inachukua muda mrefu tu. Vyangu nilivizibia hapa hapa Vwawa na havina doa. Kosa lake ni muda.

#38 Fundi_Madirisha

Au ni maji. Ndoo ya mvua ilikuwa ya nini kabla? Kama iliwahi kuwa na sabuni au saruji, hapo hakuna kuziba. Fosfeti na silika kidogo tu kwenye maji zinazuia. Na tukiwa kwenye saruji: wateja wangu wanapiga plasta dirisha likiwa limeshafungwa, saruji mbichi ina pH ya 12 na zaidi, inaacha madoa meupe kwenye anodaizi ambayo hayatoki milele. Nabandika nailoni na bado wanaitoa.

#39 Mfua_Isanga

Ndoo ilikuwa ya... sabuni ya unga. Niliisuuza lakini.

#40 Fundi_Madirisha

Hamna swali zaidi mheshimiwa.

#41 Baridi_ya_Makete

Kama ni kimo, sufuria ya presha inamaliza ubishi. Ndani ya presha maji yanavuka nyuzi 110 hata hapa Makete. Mama tunaipikia maharage, na Mfua apikie vishikio.

#42 Mama_Maharage_Uyole

Kwenye sufuria ya presha ya kwake, siyo ya mkewe. Rangi ya nguo na chakula havikai nyumba moja.

#43 Nesi_Njombe

Asante Mama. Nilikuwa naandika hilo hilo.

#44 Mpiga_Rangi_Ipogolo

Wakati nyinyi mnapika, mimi nimeshapaka ishirini. Praima ya asidi haina habari na kimo wala ndoo.

#45 Ndaga_Tukuyu

Na mpira wa tyubu je? Mtapaka, mtapika, mtatia nta, kama ule mpira unabaki katikati maji yatakaa pale pale. Mfua niambie umeachana nao.

#46 Mfua_Isanga

@Ndaga_Tukuyu ndaga fijo, nimeachana nao. Nakata washa za plastiki kutoka kwenye madumu ya mafuta ya kupikia.

Nimeamua hivi. Nimetengeneza vishikio kumi na viwili vya bomba moja. Vitatu vya anodaizi nilivyoziba saa nzima na nusu kwa maji ya kuongezea betri, kwenye sufuria ya kawaida, hiyo ni kwa ajili ya @Redio_Vwawa. Vitatu nimeziba kwenye presha niliyonunua ya mtumba pale Mwanjelwa, kwa ajili ya Mama na Mwalimu. Vitatu vya praima ya asidi na rangi. Viwili vya nta. Kimoja kitupu. Kila kimoja kina boliti moja ya chuma na moja ya stenlesi, zote na grisi. Nimewagawia bure vijana wa Mafiat wanaopanda Isyonje na mbolea, namba nimezigonga nyuma kwa patasi.

Doa la wino limefutika kwenye vyote sita vya anodaizi. Vya presha vimepauka kidogo wekundu, vya sufuria vimebaki na rangi nzito. Sijui maana yake.

#47 Redio_Vwawa

Maana yake nilikuwa sahihi.

#48 Mwalimu_Kihesa

Maana yake mvuke umetoa rangi kabla vitundu havijajifunga, siyo kwamba koti ni dhaifu. Rangi na kinga ni mambo mawili. Subiri mvua.

#49 Boda_Mafiat

Mimi nimepewa namba 12, kile kitupu 😭 Jana nimebeba mifuko minne ya NPK na mvua imenikuta Uyole. Nitaweka picha Jumapili.

#50 Mkulima_Mbozi

Usikioshe.